Kompyuta ya kukodi: bei ya kuingia inajulikana, bei ya kutoka je?

Bodi ya SACCOS au ya chama cha msingi cha ushirika inapokaa kuamua kama daftari za wanachama zihamie kwenye kompyuta, swali la kwanza huwa lile lile: kwa mwezi ni shilingi ngapi? Mwenye mfumo anataja bei yake, mara nyingi kwa kila mwanachama. Mhasibu anapiga hesabu, mwenyekiti anauliza kama kuna punguzo, kikao kinafungwa. Swali la pili huwa halina wa kuliuliza, nalo kwa uzoefu wa zaidi ya miaka sitini ndilo lenye gharama kubwa zaidi. Siku tukitaka kuhama, tutaondoka na nini?

Ulaya swali hilo sasa liko kwenye sheria. Sheria ya Data ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Septemba 12, 2025. Pamoja na mambo mengine, inazitaka kampuni zinazokodisha kompyuta na programu kupitia intaneti, biashara inayoitwa huduma za wingu, zimruhusu mteja kuhamia kwa mwingine akiwa na data zake. Kuanzia Januari 12, 2027 hazitaruhusiwa kumtoza hata senti moja kama ada ya kuhama.

Tatizo hilo halikuletwa na intaneti. Lilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950 na 1960, wakati mashirika ya kawaida yalipopata kwa mara ya kwanza kompyuta ambayo yangeweza kuimudu. Msikilizaji anayetaka kuelewa mkataba ambao chama chake kinakaribia kuusaini atafaidika kujua walichopitia wateja wale.

Mashine ya wakubwa

Mwaka 1951 Ofisi ya Sensa ya Marekani ilipokea UNIVAC, moja ya kompyuta za kwanza zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Wateja waliofuata waliilipia zaidi ya dola milioni moja kila mmoja. Kwa bei hiyo wanunuzi walikuwa jeshi, idara kubwa za serikali na kampuni chache zenye mtaji mnene. Mashine za namna hii ndizo baadaye zilizoitwa kompyuta kuu. Mashine ilikaa kwenye chumba chake peke yake, na kazi za shirika zima zilipita hapo: mishahara, bili za wateja, hesabu za bohari.

Shirika la kati, tuseme kampuni ya bima ya mkoani au manispaa yenye wateja wa maji elfu kadhaa, liliendelea na kadi. Kadi ilikuwa kipande cha karatasi ngumu chenye safu 80, na mteja mmoja alikuwa na kadi yake. Karani alitoboa matundu kwenye kadi, na mahali tundu lilipokaa palionyesha tarakimu au herufi. Kisha mafurushi ya kadi yalibebwa kutoka mashine hadi mashine. Moja ilizipanga kwa namba, nyingine ikachanganya kadi za mwezi huu na za mwezi uliopita, nyingine ikajumlisha na kuchapa. Kuibadilishia mashine kazi kulimaanisha kuchomeka upya nyaya nyingi kwenye ubao wake. Na kama trei ya kadi ilianguka sakafuni, siku hiyo ilikuwa imekwisha.

Kampuni iliyoshika sehemu kubwa ya biashara ya kadi ilikuwa IBM, na kwa miaka mingi haikuuza mashine zake. Ilizikodisha. Mteja alilipa kila mwezi, fundi wa IBM akaja kutengeneza, na mashine ikabaki mali ya IBM hadi siku ya kuondolewa. Kwa shirika lisilo na mtaji hili lilikuwa jambo jema, na ni vizuri tuseme hivyo kabla ya kuanza kulaumu. Bila kukodi, wengi wasingeonja kabisa. Lakini mpangaji hachagui bei ya pango. Aliyekodi hakuweza kuuza mashine aliyoichoka, hakuweza kununua ya mtumba kwa kuwa mtumba haukuwepo, na fundi wa nje hakuwa na pa kupata vipuri.

Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki IBM kwa ukiritimba mwaka 1952. Kesi ikaisha kwa makubaliano mbele ya mahakama Januari 1956. IBM ilikubali kuuza mashine zake kwa masharti yasiyomwonea mnunuzi akilinganishwa na mpangaji, na kuwauzia vipuri watengenezaji wa nje. Wakati huo watu wachache waliona uzito wa karatasi ile. Tutaurudia baadaye, kwa sababu ndiyo iliyofungua soko la mtumba.

Herufi 1,400

Kompyuta ya kwanza kukodishwa kwa wingi ilikuwa IBM 650, iliyotangazwa mwaka 1953. Kodi yake ilikuwa takriban dola 3,250 kwa mwezi, na zilitengenezwa karibu 2,000. Vyuo vikuu vilivyokubali kufundisha somo la kompyuta vilipewa punguzo la hadi asilimia 60. Ukarimu huo ulikuwa na akili ya biashara ndani yake, kwani mwanafunzi aliyejifunzia mashine ya IBM alipoajiriwa aliiulizia hiyo hiyo.

Mlango ulifunguka wazi Oktoba 5, 1959, siku IBM ilipotangaza mashine ya 1401. Chanzo chake kilikuwa wasiwasi kutoka Ulaya. Kampuni ya Ufaransa, Bull, ilikuwa na mashine iliyoitwa Gamma 3 ambayo ilikuwa inainyang'anya IBM wateja wa kadi. Wahandisi wa IBM wa Ufaransa na Ujerumani walichora jibu, lakini lilikuwa ghali mno. Mhandisi Francis Underwood, aliyekuwa Endicott katika jimbo la New York, aligundua kwamba sehemu kubwa ya gharama ilikuwa ule ubao wa nyaya. Akauondoa. Maelekezo ya kazi yakawekwa ndani ya kumbukumbu ya mashine, kama programu. Kubadilisha kazi kukawa ni kuingiza furushi jingine la kadi zenye programu.

Kodi ya 1401 ilianzia dola 2,500 kwa mwezi. Tusiidanganye nafsi kwa neno "nafuu". Mwaka ule familia ya kawaida ya Marekani ilipata takriban dola 5,400 kwa mwaka mzima, kwa hiyo kodi ya mwezi mmoja ilimeza karibu kipato cha nusu mwaka cha familia moja. Nafuu ilikuwa kwa shirika lenye makarani kadhaa na mashine za kadi ambazo tayari lilizilipia.

Na kwa pesa hiyo mteja alipata nini? Toleo la chini kabisa lilikuwa na kumbukumbu ya herufi 1,400. Chukua simu yako. Ujumbe mfupi mmoja wa kawaida una nafasi ya herufi 160, kwa hiyo kumbukumbu yote ya kompyuta ile isingetosha ujumbe tisa. Ndani ya nafasi hiyo watu waliandika programu za kutoa bili za umeme na mishahara ya mamia ya wafanyakazi. Ilitosha kwa sababu mashine haikuhitaji kukumbuka wateja wote. Ilisoma kadi moja, ikapiga hesabu, ikachapa mstari, ikasahau, ikasoma kadi nyingine.

Kilichowavuta wengi zaidi ni printa. Mashine ya zamani ya hesabu ilichapa mistari 150 kwa dakika. Printa mpya, iliyoitwa 1403, ilichapa 600. Ofisi iliyokuwa ikitoa bili kwa siku nne sasa ilimaliza kwa siku moja, na hapo hapo mkurugenzi wa fedha aliweza kuhesabu faida bila kuambiwa chochote juu ya teknolojia. Katika wiki tano za kwanza IBM ilipokea maombi 5,200. Mwishowe zilitengenezwa zaidi ya 12,000, na katikati ya miaka ya 1960 karibu nusu ya kompyuta zote duniani zilikuwa za ukoo wa 1401.

Waliokuwa nje ya mlango

Kwa wengi hata dola 2,500 zilikuwa ndoto. Hao walipata njia ambayo msikilizaji wa leo ataitambua mara moja: kutumia mashine ya mtu mwingine na kulipia kazi tu. Mwaka 1949 kijana Henry Taub alianzisha ofisi ya kuandaa mishahara mjini Paterson, New Jersey. Kampuni ndogo zilimletea orodha za wafanyakazi na saa walizofanya kazi, yeye akarudisha hundi na hesabu. Mwanzoni kazi ilifanywa kwa mikono na mashine za kawaida za ofisi. Mwaka 1961 kampuni yake, wakati huo ikiitwa ADP, ilipata 1401. Leo ADP ni kati ya kampuni kubwa za mishahara duniani.

Wakulima nao hawakubaki nyuma. Vyama vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Marekani vilianza katika miaka ya 1950 kupeleka kumbukumbu za maziwa kwenye vituo vya pamoja vyenye mashine. Mfugaji alituma takwimu kwa posta, akarudishiwa karatasi inayoonyesha kila ng'ombe ametoa kiasi gani. Hakumiliki kompyuta, wala hakuwahi kuiona. Lakini aliijua ng'ombe ipi inakula bure.

Vituo hivi vilikuwa wingu la enzi hiyo, tofauti ni kwamba data zilisafiri kwa bahasha. Hapo kulikuwa na jambo moja ambalo leo limepotea bila watu kuliona. Mfugaji alikuwa na nakala yake ya karatasi. Kampuni ndogo ilirudishiwa orodha iliyochapwa. Kituo kikifunga, karani aliweza kukaa chini na karatasi zile na kuanza upya kwa kalamu. Ilikuwa kazi ya mateso, lakini iliwezekana.

Mkombozi

Mwenye 1401 yake mwenyewe hakuwa na bahati hiyo. Baada ya miaka mitatu, minne, shirika lilikuwa na programu makumi kadhaa zilizoandikwa na watu wake, wengine wameshaacha kazi. Programu hizo zilizungumza lugha ya 1401 peke yake. Mashine ya kampuni nyingine ingeweza kuwa na kasi zaidi na kodi ndogo, lakini kuhamia huko kulimaanisha kuandika kila kitu upya. Kodi ya mashine ilionekana kwenye ankara. Gharama ya kuandika upya haikuonekana popote, hadi siku mtu alipotaka kuondoka.

Kampuni ya Honeywell iliona tundu hilo. Desemba 1963 ilitangaza kompyuta yake, Honeywell 200, yenye kasi kuliko 1401, na pamoja nayo programu ya kutafsiri kazi za 1401 ziweze kwenda kwenye mashine yao. Programu ile waliiita Liberator, yaani Mkombozi. Sijui kama kuna jina la bidhaa lililowahi kusema ukweli wa soko wazi namna hiyo. Maombi yakaja kwa mamia katika muda mfupi.

Jibu la IBM lilitoka Aprili 7, 1964: familia nzima ya kompyuta, System/360, mradi unaotajwa kugharimu dola bilioni 5. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba shirika lianze na mashine ndogo, likikua lichukue kubwa, na programu ziendelee kufanya kazi bila kuandikwa upya. Toleo dogo la Model 30 liliwekewa pia uwezo wa kuigiza 1401, ili mteja wa zamani aingie na programu zake kuukuu. Lilikuwa jambo la kumfaa mteja kweli. Lakini angalia lilivyopangwa. Kutoka chumba kimoja cha IBM kwenda kingine kulirahisishwa sana, na mlango wa nje ukabaki kama ulivyokuwa.

Hata ndani ya nyumba ile kulikuwa na kuta. Mwaka 1969 IBM ilitoa System/3 kutoka Rochester, Minnesota, kwa ajili ya kampuni ndogo ambazo hazijawahi kukodi kompyuta. Kodi yake ilianzia chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na kadi zake zilikuwa theluthi moja ya ukubwa wa zile za zamani. Ilipendwa. Ila programu za System/3 hazikuweza kwenda moja kwa moja kwenye System/360, hivyo biashara ndogo iliyokua ikawa imeingia kwa mlango wa bei poa na kujikuta kwenye nyumba nyingine kabisa.

Mwaka huo huo yalitokea mambo mawili mengine. Januari, Wizara ya Sheria ilifungua kesi mpya ya ukiritimba dhidi ya IBM, iliyoendelea hadi ilipofutwa mwaka 1982. Juni, IBM ilitangaza kwamba programu na huduma nyingi zitakuwa na bei yake, mbali na kodi ya mashine. Kabla ya hapo vyote vilikuwa ndani ya ankara moja, na mtu wa nje hakuweza kuuza programu kwa mteja aliyekwisha kupewa nyingine "bure". Biashara ya kuuza programu kama bidhaa, ambayo leo inalisha mamilioni ya watu, ilipata nafasi ya kupumua kuanzia hapo.

Na ile karatasi ya 1956? Kwa kuwa IBM ililazimika kuuza, walitokea wanunuzi wa mashine zilizotumika na kampuni za kukodisha zilizoshindana na IBM kwa mashine za IBM zenyewe. Zile 1401 zilizotoka kwenye mashirika makubwa zikashuka bei hadi kwa wadogo. Moja ya mashine za 1401 zinazofanya kazi leo katika makumbusho ya kompyuta ya Mountain View, California, ilitoka kwenye nyumba ya familia moja huko Connecticut. Waliiweka nyumbani na kuandalia klabu bili za wanachama, wakaendelea nayo hadi miaka ya 1990, wakati ulimwengu ulishaihesabu kuwa imekufa. Hakuna aliyeweza kuwapandishia kodi. Ilikuwa yao.

Yaliyofuata yanaelezeka haraka. Januari 1979 IBM ilitoa mashine za 4300, kompyuta kuu za bei ya chini sana kwa uwezo wake, na mashirika ya kati yakazigombania. Agosti 1981 ikaja kompyuta binafsi ya IBM iliyoanzia dola 1,565, na kwa ofisi nyingi ndogo hadithi ya kompyuta kuu ikaishia hapo, angalau kwa macho.

Njia iliyofika Dar es Salaam

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, kutoka kampuni ya Uingereza. Waingereza waliiuza, lakini hawakuitengeneza. Chini ya nembo yao ilikuwa RCA 301, mashine ya Marekani iliyobuniwa kushindana na ile ile 1401 kwa wateja wa kati. Watu wa redio wanalijua jina la RCA kwa mapokezi na rekodi za muziki. Iliingia kwenye kompyuta kwa matumaini makubwa, na Septemba 1971 ikatangaza kujitoa, baada ya hasara ya mamia ya mamilioni ya dola. ICT yenyewe ilikuwa imeunganishwa na kuwa ICL mwaka 1968. Kwa hiyo ndani ya miaka sita tangu mashine ile ifungwe, muuzaji alikuwa amebadilika jina na mtengenezaji ameondoka sokoni.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matatizo ya kuingiza hesabu za Serikali kwenye kompyuta. Masharti yalianza kulegea katika miaka ya 1980. Ni rahisi leo kuicheka marufuku ile. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Serikali changa ilikuwa inalipa kwa fedha za kigeni mashine ambayo vipuri, mafundi na maamuzi yake vilikuwa nje ya nchi, na hesabu zilipochafuka ilirudi kwenye leja za mkono kwa sababu leja za mkono ndizo pekee ilizozimiliki kikamilifu. Dawa ilikuwa kali kuliko ugonjwa, hilo nakubali. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kweli.

Mfano wa karibu zaidi uko mfukoni mwako. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, lakini kwa miaka kadhaa kompyuta zilizoendesha mfumo zilikuwa Ujerumani, chini ya Vodafone. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zikanunua kwa pamoja jina na mfumo wa M-Pesa kutoka Vodafone, badala ya kuendelea kuulipia. Waliweza kununua njia ya kutoka kwa kuwa ni kampuni kubwa zenye fedha na wanasheria. Chama cha wakulima wa korosho au kahawa hakina uwezo huo, na hakuna atakayekiuzia mfumo mzima.

Kodi imerudi

Kompyuta kuu hazijafa. Benki kubwa bado zinazitegemea, na mwaka 2023 IBM ilitoa toleo dogo la z16 linaloingia kwenye kabati la kawaida la seva, likiwalenga tena wasio na vyumba vikubwa. Programu zake nyingi hulipiwa kwa kadiri ya matumizi, kama mita ya umeme. Nje ya kompyuta kuu mambo yanakwenda huko huko. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, ambayo programu zake zinaendesha seva za mashirika mengi duniani. Mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, na kila mteja akatakiwa kulipia kwa kipindi. Chama cha watoa huduma za wingu wa Ulaya, CISPE, kilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya kuhusu bei na masharti mapya. Mtu wa mwaka 1955 angeielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Sisemi kukodi ni kubaya. Nimeona ofisi zilizonunua kompyuta yake, programu ikawekwa humo, fundi pekee anayeijua akahamia mjini, na siku diski ilipokufa daftari la wanachama likafa nalo. Kwa chama cha watu mia tatu, mfumo wa kukodi unaotunzwa na watu wa kazi hiyo mara nyingi ni salama kuliko kisanduku kilicho chini ya meza ya mhasibu. Ninachopinga ni kukodi mfumo na papo hapo kukabidhi daftari, kana kwamba ni kitu kimoja.

Sheria zetu zinasaidia kwa sehemu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake kwa muundo unaosomeka na mashine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria hizi zinamtazama mtu binafsi na taarifa zake. Mwanachama anaweza kudai za kwake. Chama kikitaka leja yake nzima, pamoja na historia ya mikopo na hisa za wote, kinategemea zaidi kile kilichoandikwa kwenye mkataba, na mikataba mingi huandikwa na mwenye mfumo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, bodi itake iandikwe kwamba data ni mali ya chama, kwamba kila mwezi chama kitapewa nakala kamili katika faili la kawaida ambalo programu yoyote ya hesabu inaweza kulifungua, na kwamba mkataba ukivunjika kwa sababu yoyote, hata deni, nakala hiyo haizuiwi. Kupanda kwa bei kuwe na kikomo na taarifa ya miezi kadhaa. Mwuzaji atakayekataa hili la nakala amekwisha kujibu lile swali la pili.

Kisha kuna jaribio lisilohitaji mwanasheria. Wakati wa maonyesho, mwuzaji akiwa bado anatabasamu, mwombeni atoe wanachama kumi wa mfano pamoja na akiba na marejesho yao, awape kwenye flashi. Ichukueni mkaifungue kwenye kompyuta nyingine, ya shule au ya ofisi ya kata, bila yeye kuwepo. Mhasibu akae na kikokotoo ajumlishe hisa za watu wale kumi, alinganishe na alichokiona kwenye mfumo. Fanyeni hivyo tena baada ya miezi mitatu, safari hii kwa wanachama wote, na matokeo yasomwe kwenye mkutano.